Treni Namba Kumi na Saba Nukta Nne

Tarehe 3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mkaza mjomba naye ana shikamoo yake humu ndani, na tafadhali umfikishie nzima. Ameniandikia kwamba ile ya mwezi uliopita ulimwambia tu "Sauti anasalimu" huku umejaza mdomo, kisha ukaendelea kula.

Huku mimi ni mzima. Fundi viatu wa chini bado anagonga tangu asubuhi, na dirisha langu bado halifungi. Mizani imefika salama. Hii ni ya tano. Sasa nina ya unga, ya mchele, ya matunda, ya barua, na hii mpya ambayo karatasi yake inasema inaweza kupima hata unyoya. Sina unyoya, Mjomba, lakini ni vizuri kujua kwamba ukitokea tuko tayari.

Kuna jambo dogo limetokea kazini. Nakuambia mwenyewe usije ukalisikia kwa watu. Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye chumba cha matangazo, unakijua, meza moja, kiti kimoja, na dirisha la kutazama majukwaa. Nilikuwa nimejichoma kidole kama kawaida, na kipimo cha sukari kilikuwa juu ya meza kinaonyesha 17.4. Taa ya kipaza sauti ikawaka. Mdomo wangu, ambao una miaka kumi na moja unatangaza bila kuniuliza, ukasema: "Abiria mnaombwa kujiandaa. Treni namba kumi na saba nukta nne itaingia jukwaa la tatu."

Watu kama arobaini wakabeba mizigo yao, wakaenda jukwaa la tatu.

Nilirekebisha, wengi wakarudi. Lakini mzee mmoja mwenye sanduku la kahawia lililofungwa kamba alibaki pale pale. Saa sita akapanda ngazi, akaja mlangoni kwangu. "Binti, hii ya kumi na saba nukta nne imechelewa au imeshapita?"

Nikamwambia imechelewa. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Mkuu wa stesheni amenipa barua ya onyo kwa "kutangaza chombo kisichokuwepo". Ndiyo hivyo tu. Nimechoka kidogo, hakuna zaidi. Nakala ya daftari la sukari la Januari iko humu. Utafurahi, namba ni nzuri.

Na usinipigie simu. Kazi yangu ni kusema. Nikitoka pale mdomo unataka kupumzika. Andika.

Mpwa wako,
Sauti


Tarehe 17 Februari

Kwa Sauti, mpwa wangu,

Marahaba. Ile nyingine nimeifikisha nzima, kwa sauti kubwa, mbele ya shahidi.

Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako amenifukuza jikoni. Kosa langu ni kwamba nilipima vitunguu vyote vya nyumba na kuandika uzito wa kila kimoja kwa kalamu juu ya ganda. Anasema hawezi kukata kitu chenye namba, anahisi anakata mtu aliyeandikishwa. Sokoni nako wafanyabiashara wananificha mizani zao. Nimestaafu ukaguzi wa mizani miaka mitatu, lakini nikipita nyuso zao zinabadilika, nami sioni vibaya.

Nimesoma barua yako mara tatu. Kwanza, nina wasiwasi na yule mzee. Alifika alikokuwa akienda? Pili, nimetafuta 17.4 kwenye daftari la Januari sijaiona. Ilikwenda wapi? Namba haiwezi kutoka kwenye kipimo, kupita kwenye kipaza sauti, kusikika na watu arobaini, halafu isifike kwenye daftari. Tatu, huo uchovu. Uchovu, mama, ni kukosa utaratibu. Unapima mara nne kwa siku. Pima mara sita, utaona mwili unavyotulia ukijua kwamba unaangaliwa.

Nimekutumia mizani nyingine. Hii ni ya kuweka ofisini.

Mjomba wako


Tarehe 9 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kufukuzwa jikoni. Mwambie mkaza mjomba nimecheka mpaka fundi viatu akaacha kugonga.

Mizani ya sita ilipokelewa na mkuu wa stesheni, akadhani ni ya mizigo ya abiria, sasa iko mapokezi na watu wanapimia vifurushi vyao. Usikasirike. Inafanya kazi, ndivyo unavyopenda.

Umeuliza kuhusu mzee. Hakwenda popote. Kesho yake alirudi na sanduku, na dada yake. Dada yake alisikia kwamba kumi na saba nukta nne haisimami njiani. Siku ya tatu walikuwa tisa. Sasa, Mjomba, ni watu sitini kila asubuhi, wamekaa jukwaa la tatu kwa mstari, wametulia, hakuna anayesukuma wala kutupa ganda. Ukimuuliza mmoja inakwenda wapi anakutajia kwao. Ukimuuliza wa pili anakutajia kwao pia. Hakuna wanaogombana.

Mkuu wa stesheni alitoka kwenda kuwatawanya. Nilimwona kutoka dirishani. Alifika, akawatazama, akavua kofia, akarudi. Aliniambia, "Sauti, tangu nianze kazi sijawahi kuona abiria wenye adabu kama hawa. Nitawaambiaje kwamba treni yao haipo?" Akawaandikia makao makuu kuuliza kama treni 17.4 ipo. Makao makuu wakajibu kwa neno moja: "Inafuatiliwa." Basi akachongesha kibao, kikatundikwa: 17.4 – INAFUATILIWA. Watu wameridhika sana.

Kila asubuhi nikipita wananiuliza, "Dada, leo iko wapi?" Watu sitini wananiuliza habari za sukari yangu bila kujua. Nami nawajibu, "Iko njiani."

Kuhusu 17.4 kutokuwa kwenye daftari, nilimwaga chai kwenye ukurasa, nikaandika upya, nikasahau. Daftari la Februari hili hapa. Kama unavyoona, mambo ni mazuri.

Sauti


Tarehe 22 Machi

Sauti,

Salamu zipo. Mkaza mjomba hajambo, jogoo wa jirani amekufa, dari tumeziba. Sasa nisikilize.

Nimekaa na daftari lako la Februari siku nne. Lina usomaji mia moja na nne. Nikaangalia tarakimu inayokuja baada ya nukta. Kuna sifuri, kuna moja, mbili, tatu, nne, tano. Hakuna sita. Hakuna saba, hakuna nane, hakuna tisa. Mara mia moja na nne, hata mara moja. Nimefanya kazi na namba tangu kabla hujazaliwa, na nakwambia damu ya binadamu haina ugomvi na namba tisa.

Ndipo nikainua macho nikaona ratiba ya treni uliyonitumia mwaka mpya, iko ukutani juu ya redio. Treni ya saa tano na dakika kumi. Kwenye daftari: 5.1. Treni ya saa sita na arobaini. Kwenye daftari: 6.4. Saa saba na ishirini: 7.2. Jumapili umepima mara mbili tu, kwa sababu Jumapili treni ni mbili. Tarehe kumi na nne alfajiri, Sauti, sukari yako ni treni ya mizigo.

Mimi ndiye niliyekufundisha kushika hilo daftari ukiwa na miaka kumi na mitano na sare ya shule. Sikasiriki. Nina swali moja na nataka jibu la neno moja. Unajidunga sindano zako?

Mjomba


Tarehe 12 Aprili

Sauti,

Barua yangu ya Machi umeipata? Neno moja lingetosha.

Mkaza mjomba anakusalimu sana. Nimeacha kupima vitunguu.

Mjomba


Tarehe 28 Aprili

Sauti,

Najua ulisema nisipige. Nimepiga. Simu yako imezimwa. Nikapiga ya stesheni, mwanamume akapokea, nikamuuliza Sauti yuko wapi. Akaniambia, "Hayupo kazini. Kuhusu 17.4, inafuatiliwa." Akakata.

Niandikie hata bahasha tupu.

Mjomba


Tarehe 6 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua zako tatu nimezikuta chini ya mlango, zote pamoja, nikazisoma nimekaa sakafuni kabla hata ya kuvua viatu. Nisamehe. Msalimie mkaza mjomba, na hii salamu mpe polepole.

Neno moja ulilotaka ni hapana.

Sikuwa najidunga kila siku. Nilianza kwa kuruka ya mchana, kisha ya jioni. Kupima niliacha kabisa tangu ile Jumanne. Usinielewe vibaya, Mjomba, sikutaka kufa. Nilitaka Jumapili moja tu. Miaka ishirini na miwili, kidole mara elfu thelathini na mbili, hesabu hiyo uliipiga wewe mwenyewe ukanitumia kama pongezi. Kila mtu ana siku ya mapumziko, hata treni. Mimi nikiugua mafua, kisukari kiko kazini. Nikienda harusini, kimeshakaa mezani kinaangalia sahani yangu. Nikaanza kukikasirikia kile kipimo kama mtu anavyomkasirikia mkaguzi, na samahani kwa neno hilo.

Mwanzoni mwa Aprili nilianguka kazini. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Stesheni nzima ilisikia kiti kikianguka, wakadhani ni tangazo, wakabeba mizigo. Mzee wa sanduku peke yake ndiye aliyesema, "Hapana, hili tangazo halijaisha." Akapanda ngazi, akagonga, akavunja kitasa kwa lile sanduku lake. Nikazinduka wodini. Damu ilikuwa imeshaanza kuwa na asidi. Nimelazwa siku tisa, kisha wiki tatu kwa rafiki yangu mkata tiketi, ambaye alikuwa ananilisha na kunificha simu.

Daktari wa sukari ni kijana, nilijiandaa kugombezwa. Alivuta kiti, akaniuliza, "Umechoka tangu lini?"

Nikasema tangu Jumanne.

Akasema, "Jumanne ya lini?"

Mjomba, nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniletea taulo lake. Daktari akasubiri. Akaniambia hali hiyo ina jina, uchovu wa kisukari, na kwamba huja kwa watu wengi, hasa wale waliokuwa wakijitahidi sana. Akasema sukari ataishughulikia yeye, lakini kichwa kinataka mtu wake. Akaniandikia karatasi ya kwenda kwa mwanasaikolojia, chumba namba tisa.

Chumba namba tisa hakipo. Kuna cha nane, halafu cha kumi. Nimezunguka lile jengo mara nne nimeshika ukuta. Mapokezi wakaniambia mlango wa cha tisa uko ndani ya cha nane, na cha nane ni chumba cha kufungia plasta. Nikapita katikati ya watu wenye miguu juu. Kabla ya kuingia nikapewa fomu A. Swali la kwanza: "Je, uchovu wako unakuzuia kujaza fomu? Kama ndiyo, jaza fomu B." Fomu B ina kurasa sita.

Nimepewa miadi ya tarehe ishirini. Sindano najidunga. Mkata tiketi ananisimamia.

Sauti


Tarehe 19 Mei

Sauti mpwa wangu,

Namshukuru Mungu, na yule mzee, na sanduku lake. Mkaza mjomba alisoma barua yako akaenda kukaa uani bila kusema kitu, na unamjua, hajawahi kukaa uani bila kusema kitu.

Kuanguka nimeelewa. Sindano nimeelewa, tutapanga upya. Ila huyo mwanasaikolojia sijamwelewa. Atakufanyia nini? Ana kifaa gani? Nimeuliza watu hapa, wanasema mnakaa, unazungumza, yeye anasikiliza. Basi na mimi nasikiliza. Na asipokuwa na kipimo atajuaje kama umepona? Mtu akichoka anahitaji chakula kilichopimwa na saa ya kuamkia. Hili jambo la kwenda kumwambia mgeni "nimechoka, nimechoka" halina mwisho mwema. Mtu akishaanza kusema amechoka

Nimekatiza hapo, kalamu imeisha wino. Nakutumia mizani. Ni nzuri, ina taa.

Mjomba

Mwanangu, mimi mkaza mjomba naongeza hapa chini kabla hajafunga bahasha. Kalamu ina wino, ndiyo hii ninayoandikia. Huyu mtu siku ya tatu leo yuko sebuleni, ameweka jiwe moja kwenye mizani, analitoa, analirudisha. Nimemuuliza anapima nini, anasema anahakikisha. Wewe nenda huko kwa daktari wako, wala usimsikilize. Mizani nimeitoa kwenye kifurushi. Ulichopokea ni soksi.


Tarehe 11 Juni

Mjomba mpendwa, na mkaza mjomba,

Shikamoo zenu, kila mtu na yake. Soksi zimenitosha.

Nimekwenda mara tatu. Mwanasaikolojia ni mama wa makamo anayevua viatu chini ya meza akidhani huoni. Kati yetu na chumba cha plasta kuna pazia tu, na nyuma ya pazia kuna bwana mmoja mwenye mguu uliovunjika sehemu mbili, ambaye anasikia kila kitu na haoni sababu ya kujifanya hasikii.

Siku ya kwanza yule mama aliniuliza, "Habari zako?" Nikamtajia sukari ya asubuhi, ya mchana, uzito, vipimo vya figo, na tarehe ya kuangaliwa macho.

"Nimekuuliza habari zako," akasema, "umenisomea ratiba."

"Ndizo habari nilizo nazo."

"Ukirudi nyumbani, nani anakuuliza jambo lisilo na namba?"

Nilifikiri muda mrefu. Nyuma ya pazia bwana wa mguu akasema, "Usimkimbize, anafikiri."

Nikamweleza kuhusu namba. Kwamba nikiona saba najiona mtu mzuri, nikiona kumi na saba najiona nimekamatwa. Kwamba mwaka huu nimegundua naweza kukwepa kukamatwa kwa kutotazama. Hakusema nimekosea. Alisema siyo ajabu mtu kumkwepa hakimu anayekuja mara nne kwa siku. Tukakubaliana na daktari wa sukari. Kwa sasa napima nyakati chache alizoziona ni salama, sindano hairukwi, na daftari limefungwa. Siandiki. Kipimo kinakumbuka chenyewe, muuguzi anakisoma kila wiki, na nikitaka kujua ananiambia, nisipotaka ananipa kalamu nisaini naondoka. Wiki ya kwanza mikono ilikuwa inatafuta daftari kama mtu aliyeacha sigara.

Kazini nimerudi. Utacheka. Kabla sijarudi, makao makuu walimaliza kufuatilia. Wamegundua kwamba kibao kipo, abiria wapo na jukwaa lipo, kwa hiyo upungufu pekee ni treni. Wakaleta mabehewa mawili. Treni 17.4 inaondoka kila siku saa nne asubuhi, inakwenda mpaka reli inapoishia, inarudi. Mzee wa sanduku aliondoka nayo siku ya kwanza. Dada yake anasema alimpungia mkono akiwa na furaha sana, na hajasikia kama alifika.

Na ni mimi ninayeitangaza. Siku ya kwanza nilifungua mdomo nikashindwa. Siku ya pili niliitangaza huku machozi yananitoka. Sasa ni treni tu, ina mabehewa mawili na choo kimoja.

Sasa jambo lenyewe. Mama wa chumba cha tisa aliniuliza nani alikuwa akisoma daftari. Nikasema mjomba wangu. Akauliza mjomba wako huwa anasema nini ukimwambia umechoka. Nikamwambia hanijibu, hutuma mizani. Hakucheka. Bwana wa mguu alicheka, akaomba radhi. Mama akasema, "Nadhani mjomba wako naye amebeba kitu. Mwite aje mara moja."

Njoo, Mjomba. Mara moja tu. Barua yako iliishia katikati ya sentensi, nami nataka kujua mwisho wake.

Sauti


Tarehe 24 Juni

Sauti,

Salamu nyingi.

Nitafika Jumatano ya kwanza ya Julai kwa treni ya asubuhi. Nitarudi siku ya pili yake. Sina mizani. Nilikuwa nayo moja ndogo, mkaza mjomba ameitoa begini akaweka shati.

Sijui nitasema nini huko ndani.

Mjomba


Tarehe 8 Julai

Mpwa wangu mpenzi,

Nimefika salama. Mkaza mjomba alinipokea stesheni, akaniuliza nimesema, nikamwambia nimesema, akanibebea begi. Hajawahi kunibebea begi.

Nataka kuandika nilichosema, kwa sababu mle ndani sauti ilikuwa inakatika na huenda hukusikia yote. Mama yako, dada yangu, alikuja kwangu siku moja wewe una miaka kumi. Akakaa. Akasema, "Kaka, nimechoka. Nakunywa maji, kiu haiishi, halafu nimechoka." Mimi nilikuwa na mizani ya duka la dawa mezani, naitengeneza, ilikuwa inakosea nusu gramu. Sikuinua uso. Nikamwambia, "Nenda kalale." Akaenda akalala. Siku ya nne tulimzika. Wewe ulipoanza kunywa maji kupita kiasi ukiwa na miaka kumi na mitano, nilikubeba mgongoni mpaka hospitali, mtu mzima na sare yako. Lakini neno lile, "nimechoka", tangu siku ile sikuweza kulisikia. Ukiliandika, mikono yangu inatafuta kitu cha kupima. Sijamwambia mtu yeyote akalale miaka ishirini na saba.

Ni yule bwana wa mguu, nyuma ya pazia, aliyesema, "Pole sana, mzee." Hajui hata uso wangu ulivyo. Sauti, pole hiyo ndiyo ya kwanza niliyopewa kwa jambo hili, maana sikuwahi kumpa mtu nafasi ya kuitoa.

Nimeuliza hapa kwetu. Kuna mwanasaikolojia anakuja hospitali ya wilaya kila Alhamisi. Nimejiandikisha. Nimejaza fomu B.

Sitakuomba daftari tena. Ukitaka kuniambia, niambie. Usipotaka, niandikie habari za fundi viatu.

Ila nina swali moja, la kikazi. Siku naondoka ulitangaza kwamba treni ya saa saba itachelewa dakika ishirini. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, naiona. Ilikuwa imeshaingia. Taa ya kijani inawaka, dereva yuko kwenye nafasi yake. Nimefikiria njia nzima sijapata sababu.

Mjomba wako


Tarehe 20 Julai

Mjomba,

Shikamoo, na mkaza mjomba shikamoo, na hongera kwa begi.

Habari za fundi viatu ni kwamba ameniletea viatu vya mtu mwingine, vinanitosha kuliko vyangu, tumekubaliana kunyamaza. Dirisha limefungwa hatimaye. Juzi niliamka nimechoka, nikamwambia mkata tiketi, "Leo nimechoka," akasema, "Haya, kaa," nikakaa. Kuna wiki nzuri na kuna wiki ambayo kipimo nakitazama kwa jicho moja. Bwana wa mguu ametolewa plasta na bado anakuja, anasema amezoea.

Kuhusu swali lako la kikazi. Nilikuwa chumbani kwangu juu, nimeshika karatasi ya kukutangazia safari. Nikatazama chini nikakuona kwenye benchi, umevaa lile shati, umeweka mikono mitupu magotini kama mtu aliyesahaulishwa kazi yake. Sijawahi kuona mikono yako bila kitu. Taa ikawaka. Mara hii mdomo haukuniponyoka, Mjomba. Niliufungua mwenyewe. Nikasema, "Abiria wa treni ya saa saba mnaombwa radhi. Treni yenu itachelewa kwa dakika ishirini."

Unajua watu wa stesheni hii wanavyokiamini kipaza sauti. Dereva alinisikia, akazima injini, akafungua gazeti. Gadi wa treni akakunja bendera. Abiria waliokuwa wameshakaa wakateremka na mizigo yao, wakaenda kusubiri treni waliyotoka kuiteremka.

Nikashuka nikaja kukaa karibu na wewe. Ukaniuliza treni ina nini, nikasema sijui. Ndipo ulipoanza kunisimulia jinsi mama alivyokuwa akicheka, kwamba alianza kucheka kabla ya kumaliza kisa, hata hakuna aliyewahi kujua visa vyake viliishaje. Miaka yote hii hukuwahi kuniambia. Nilikuwa na mama mwenye tarehe mbili tu, ya kuzaliwa na ya kufa, na kwenye lile benchi ukanipa mwingine.

Mkuu wa stesheni alikuja jioni na fomu ya ucheleweshaji. Amechoka na mimi, lakini ni mtu wa haki, alitaka kusikia upande wangu kabla ya kuandika onyo la pili. Akaniuliza, "Sababu ya kuchelewa?"

Nikamwambia, "Mjomba."

Akafikiri. Akauliza inaandikwa neno moja au mawili.

Nikamwambia moja. Akaandika.

Mpwa wako,
Sauti